Sultani Aliyepiga Marufuku Kuanguka

Hapo zamani, katika zama zile ambazo sultani akikohoa mji mzima humwombea afya, alikuwako Sultani mmoja aitwaye Badawi, mtawala wa mji wa Kihorombe ulio tambarare, na wa vijiji saba vilivyo juu ya milima ya Shengwe. Sultani huyu hakuwa mkatili, wala hakuwa mlafi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao ni kupiga marufuku. Kila lililomuudhi alilipiga marufuku, kwani marufuku ilitaka wino kidogo na koo la mpiga mbiu, na baada ya hapo Sultani alilala usingizi mwema akijua kuwa jambo limekwisha. Alipiga marufuku ukungu kuingia mjini kabla hajanywa kahawa yake, ikawa kila asubuhi askari kumi na wawili husimama langoni na mikuki yao wakiuzuia, na ukungu ukiwapita, wao huandika majina ya mitaa uliyoingia. Alipiga marufuku majogoo kuwika kabla hajaamka. Alipiga marufuku mvua ya Ijumaa.

Basi kule juu Shengwe njia ya kushukia ilikuwa moja tu, na mahali fulani njia hiyo ilipita ubavuni mwa jabali, ukuta mkono wa kuume na hewa mkono wa kushoto, kwa kiasi cha hatua mia mbili. Watu walipaita Ukope, kwa wembamba wake. Chini yake palikuwa na korongo lililojaa upupu, na chini ya upupu kijito chenye mawe. Kila masika Ukope ulichukua watu. Ulichukua wanawake waliobeba ndizi kwenda sokoni, na ulichukua wagonjwa pamoja na wabebaji wao, kwani machela hubebwa na watu wanne, na Ukope ulimtosha mtu mmoja na nusu. Mwanamke akishikwa na uchungu mzito alingoja juu, na mkunga akangoja chini, na mara nyingi hawakuonana.

Wazee wa vijiji saba wakashuka, wakamwomba Sultani awapanulie njia, aweke ukingo wa magogo, na awajengee daraja kijitoni. Sultani akawasikiliza kwa huzuni ya kweli, hata machozi yakamlenga. Akauliza, "Hao watu wanakufa kwa nini hasa?"

Wakajibu, "Kwa kuanguka, Maulana."

Sultani akamgeukia karani wake, akasema, "Andika. Tangu leo ni marufuku mtu yeyote, awe nani awe nani, kuanguka katika milima ya Shengwe pasipo idhini ya Sultani. Atakayeanguka pasipo idhini atafungwa, na akipona atachapwa viboko arobaini."

Wazee wakashukuru kwa adabu, wakashika njia ya kurudi, na walipofika Ukope mmoja wao akaivunja sheria, akavunjika na yeye.

Ikawa askari mmoja, jina lake Kibwana, amewekwa pale Ukope, upande wa mlimani, kuangalia sheria isivunjwe. Kibwana alikuwa mtiifu kupita kiasi. Siku ya kwanza alitazama chini, akaona urefu wa korongo, akakumbuka kuwa na yeye ni mtu yeyote. Basi tangu siku ile hakuuondoa mguu wake pale alipoukanyaga. Watu wa mlimani wakamhurumia, wakawa wanamletea chakula na kumlisha. Nao wenyewe wakabadili maneno. Hapakuwa tena na mtu aliyeanguka Shengwe. Mwenye goti lililochubuka alisema alikaa ghafla. Mwenye mkono uliovunjika alisema alilala vibaya. Na mganga wa mifupa akawa anawaganga bila kuuliza, ili asije akaitwa shahidi.

Katika kijiji cha saba, kilicho juu kuliko vyote, aliishi mjane aitwaye Nakiete. Hakuwa na shamba wala mbuzi. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya wengine kuipeleka sokoni na kurudi, apewe vibaba viwili vya maharage. Watu walimwita mjinga, kwa sababu alisikia maneno kama yalivyosemwa. Zamani mkwewe alipata kumwambia, "Kitazame chungu cha maharage," akaketi akakitazama, maharage yakachemka, yakakauka, yakaungua, na mkwewe aliporudi Nakiete akamwambia kuwa amekitazama tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna kilichompita. Tangu hapo jina likamganda, naye hakulikataa, kwani aliona kuwa mjinga huachwa aseme.

Katika dunia nzima alibakiwa na ndugu mmoja, kaka yake Mbonea, mrina asali, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Siku moja ya manyunyu Mbonea alikuwa akipita Ukope na mzinga kichwani, jiwe likamtoka chini ya kisigino, akaenda nalo. Mungu akamweka juu ya upupu wala si juu ya mawe. Alivunjika paja, akawashwa mwili mzima, na nyuki walioghadhibika wakammalizia. Watu wakamtoa korongoni, wakamweka upande wa mjini wa Ukope. Kibwana, bila kusogea, akapiga baragumu. Askari wa mjini wakaja, wakamchukua kwa punda, akalia njia nzima, wakamtia gerezani.

Nakiete akamfuata. Akamkuta amelala juu ya mkeka, mguu umefungwa vijiti. Mbonea akamshika mkono, akasema, "Dada, nakuomba jambo moja. Mwambie mganga asifanye haraka. Siku nitakayosimama ndiyo siku ya viboko arobaini, na mimi mgongo wangu unaujua. Hauna nyama ya viboko kumi."

Nakiete akautazama ule mgongo, akaona kaka yake asema kweli. Alilelewa juu ya mgongo ule, mama yao alipokufa. Hakulia. Akajifunga kaniki yake vizuri, akaenda barazani kwa Sultani.

Sultani alikuwa ameketi pamoja na Waziri na Kadhi. Nakiete akapiga magoti, akasema, "Maulana, nimekuja kumwombea kaka yangu Mbonea. Sheria yako yakataza kuanguka. Kaka yangu hakuanguka. Alishuka."

Sultani akauliza, "Alishukaje?"

"Upesi, Maulana."

Kadhi, aliyekuwa mtu wa kupenda hoja, akainua nyusi, akasema, "Lakini yasemekana alipiga kelele."

"Hata anayeshuka kwa miguu yake huimba akipenda," akajibu Nakiete.

Watu wa barazani wakacheka ndani ya mikono yao. Sultani hakucheka. Akasema, "Ewe mwanamke, anayeshuka huchagua pa kukanyaga. Ndugu yako hakuchagua. Ninyi watu wa mlimani hampungukiwi na njia, mwapungukiwa na adabu ya kutembea. Viboko vitawafundisha. Haya, nenda zako nyumbani."

Nakiete akainama mpaka chini, akasema, "Nimesikia. Nyumbani kwangu ni ng'ambo ya Ukope. Basi naomba idhini ya kuanguka."

Sultani akauliza, "Wataka kuanguka?"

"La, Maulana, sitaki. Lakini waliokufa masika iliyopita nao hawakutaka. Naiomba kwa tahadhari tu. Nikifika salama bila kuitumia, nitairudisha."

Sultani akafikiri. Kumpa mtu idhini ya kuanguka lilikuwa jambo la aibu. Kesho wangekuja wote. Akasema, "Siwezi kukupa idhini hiyo. Nakukataza kuanguka."

"Nimesikia na kutii," akasema Nakiete, naye akaketi palepale juu ya zulia, akakunja miguu.

Adhuhuri ikafika. Kesi nyingine zikaja na kwisha. Nakiete angali ameketi. Sultani akamwuliza kama masikio yake yana nta.

"Masikio yangu ni mazima, Maulana. Nimepata amri mbili kutoka kwako: niende nyumbani, na nisianguke. Nikiitii ya kwanza huenda nikaiasi ya pili. Nikiitii ya pili sina budi kuikawiza ya kwanza. Mimi ni mjinga, siwezi kuchagua kati ya maneno mawili ya mfalme. Chagua wewe, nami nitafuata."

Sultani akamtazama Kadhi. Kadhi akazikuna ndevu zake, akasema kwa masikitiko kuwa mwanamke yu katika haki, tena kwamba mtu aliyezuiliwa na neno la Sultani ni mgeni wa Sultani, na mgeni hulishwa. Sultani akasema, "Na akae, basi. Atachoka."

Nakiete hakuchoka. Tangu kuzaliwa hakupata kulishwa bila kubeba kitu, akaona kazi ya kukaa si mbaya. Ila kila alipokula alikikumbuka chakula cha gerezani, akawa anapeleka nusu ya sahani yake kwa Mbonea, na wapishi wa Sultani, waliomhurumia, wakaanza kupeleka sahani nzima.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na watu wa vijiji saba walikuwa wameshuka. Habari ikawafikia palipouzwa chumvi, ikapita penye vyungu, ikaishia penye mbuzi. Wakaulizana, "Sisi nasi turudi vipi? Ikiwa Nakiete ambaye ni mjinga ameogopa kuvunja sheria, tutaivunja sisi wenye akili?" Basi wakaenda barazani mmoja mmoja, kwa mstari. Kila mmoja alipiga magoti, akaomba idhini ya kuanguka, akakataliwa, akashukuru, akaketi. Mzee mmoja aliomba idhini ya kuanguka Alhamisi, kwa kuwa siku hiyo angekuwa na mzigo wa majembe. Bibi mmoja aliomba nusu ya idhini, akisema yeye huteleza tu. Mwingine aliuliza kama mbuzi wake nao waombe.

Hata ilipofika siku ya tano, jumba la Sultani lilikuwa na wageni mia nne na mbuzi wao. Behewa, ule ua wa ndani ya jumba, likawa malisho. Maharage yalianikwa juu ya zulia la baraza, na mwenye maharage aliwaomba mawaziri wapite pembeni. Kuku mmoja alitaga ndani ya siwa, ile baragumu kuu ya ufalme, na siku ilipopulizwa kumpokea mjumbe wa nchi jirani lilitoka yai, likampata mjumbe kifuani. Mjumbe akaandika barua ndefu. Beberu mmoja alikula pazia la chumba cha Sultani mpaka nusu, kisha akawa anamchungulia Sultani kupitia ile nusu nyingine. Wala hapakuwa na mtu mkaidi hata mmoja. Kila Sultani alipopita, watu mia nne waliinama wakamwombea maisha marefu, na majogoo wao, wasiojua sheria za mji, wakawika wakati wote.

Waziri akamnong'oneza, "Maulana, ifute ile sheria."

Sultani akajibu, "Neno la Sultani halirudi. Likirudi hili, ukungu nao utasemaje?"

Akamwita Nakiete, akamwambia kwa sauti iliyochoka, "Ewe mwanamke, rudini kwenu. Tembeeni tu bila kuanguka. Kuna ugumu gani?"

Nakiete akasema, "Maulana, sisi tu washamba, na ugumu wetu ndio huo, hatujui inavyofanywa. Sheria huijua aliyeitunga. Lau ungetutangulia pale Ukope, ukatuonyesha mtu anavyotembea bila kuanguka, nasi tungekanyaga unapokanyaga, tungefika kwetu, na pazia lako lingepona."

Sultani akasimama. Alikuwa mtu mwenye kiburi lakini hakuwa mwoga, tena hakuwahi kupaona Ukope. Akasema, "Kesho asubuhi."

Asubuhi msafara ukatoka. Mbele Sultani katika kiti cha kubebwa, nyuma yake Kadhi, Waziri na karani mwenye kidau cha wino, na nyuma yao watu mia nne, mbuzi, kuku na maharage. Walipofika chini ya mlima, wabeba kiti walikiweka chini, wakapiga magoti. Mkubwa wao akasema, "Maulana, sisi nasi twaomba idhini." Sultani akashuka, akavivua viatu vyake vya ncha zilizopinda, akavitazama, akavivaa tena, kwa kuwa Sultani hatembei pekupeku, akaanza kupanda.

Walifika Ukope jua likiwa kichwani na manyunyu yakiwa yametoka kupita. Ng'ambo walimwona Kibwana, ndevu zimemfika kifuani, nyuma yake wazee wachache waliobaki vijijini. Kibwana akapiga saluti ya mkono mmoja. Miguu haikusogea.

Sultani akatazama kushoto, akaona ukuta. Akatazama kuume. Akasema taratibu, "Mbona hamkuniambia?"

"Tulikwambia, Maulana," akasema Nakiete nyuma yake, wala hakusema kwa dhihaka.

Basi Sultani akaenda. Twamsifu kwa haki yake, alikwenda vizuri kuliko wengi. Hatua kumi, hatua hamsini, hatua mia, kifua kimeshikana na jabali, na Nakiete nyuma yake akikanyaga kila alipokanyaga. Zilipobaki hatua tatu kumfikia Kibwana, akaona ametimiza, akageuka nyuma ili awaambie watu mia nne kwamba wameona inavyofanywa. Kiatu cha kuume kikapata ukoga. Sultani akatoweka.

Hakwenda mbali. Urefu wa watu wawili chini ya njia palikuwa na kichaka cha miiba kilichoota ukutani mwa jabali, na kichaka kile kikamdaka kwa joho. Akaning'inia hapo, mikono yote miwili imeshika tawi, kilemba kikateremka peke yake mpaka kijitoni.

Kisha Kibwana akasafisha koo. "Maulana, niwie radhi. Uko chini ya ulinzi."

Sauti ikatoka chini: "Mimi ndiye Sultani."

"Ndiyo, Maulana. Amri ilisema mtu yeyote, awe nani awe nani."

Kutoka upande wa pili Kadhi akapaza sauti, kwani hoja ilikuwa imemshika kuliko hofu. "Maulana, je, ulijipa idhini kabla ya kuanguka?"

"Najipa sasa."

"Haifai, Maulana. Idhini haiji baada ya tendo."

Tawi likalia. Hapo moyo wa Nakiete ukamwuma. Alikuwa amepanga mengi ya kusema, lakini aliziona zile kucha za mtu mzima zikilichimba gome la mti, akawaza vile Mbonea naye alivyotafuta cha kushika akakosa. Akasema, "Waheshimiwa, Sultani hajaanguka. Aliyeanguka ni aliyefika. Huyu bado yuko njiani, na kesi ya msafiri husubiri afike." Kadhi akafurahi sana, akasema hukumu ndiyo hiyo.

Papo hapo Nakiete akaivuka nafasi iliyobaki, akafungua kaniki yake ya juu, akadai mishipi na shuka za wazee, akazifunganisha. Akalala kifudifudi, wazee wakamshika vifundo vya miguu, akamteremshia Sultani kitanzi, akamwelekeza akipitishe kwapani, mkono mmoja, kisha wa pili. Akakikaza. Ncha ya juu wakaizungusha kwenye mwamba, wakaifunga mafundo matatu. Alipohakikisha kuwa Sultani hata kama angeliachia tawi asingekwenda popote, ndipo alipoanza kuzungumza naye.

"Maulana, sasa u salama. Lakini kukuvuta yapasa tusimame wengi ukingoni, na ukingoni mtu huanguka. Tumekatazwa."

"Nawapa idhini," akasema Sultani.

"Ya kuanguka?"

"Ya kuanguka, nyote, na vizazi vyenu."

"Twashukuru, Maulana, ila idhini hiyo hatuitaki. Ni zawadi ambayo kila anayepewa huikimbia. Sisi twataka njia."

"Nitawapa njia."

"Upana gani?"

"Wa machela na wabebaji wake wanne."

"Na wakikutana na machela nyingine?"

Sultani akavuta pumzi. Mbu alikuwa ametua juu ya pua yake, naye hakuwa na mkono wa kumpigia marufuku. "Machela mbili," akasema. "Na ukingo wa magogo. Na daraja kijitoni. Na kibanda chenye moto katikati ya mlima, na mkunga akae humo masika yote. Na ndugu yako nimemsamehe."

"Sheria je?"

"Imefutwa. Nivute, Bi Nakiete."

"Naomba tuandike kwanza."

"Neno langu halitoshi?"

Nakiete akasema kwa upole, "Neno lako ndilo lililotufikisha hapa, Maulana."

Nakiete akayapaza maneno hayo mpaka ng'ambo, karani akaandika, akaifunga karatasi na kidau cha wino kwenye mti mrefu, ukapitishwa mkono kwa mkono na watu waliojipanga ubavuni mwa jabali mpaka kwa Nakiete, akaviteremsha. Ikaonekana muhuri ni pete, na pete i kidoleni, na kidole kimeshika tawi. Kamba ilikuwa imemshika imara, lakini Sultani hakuiamini kamba iliyofumwa kwa nguo kuukuu za watu aliowanyima njia. Basi akaing'oa pete kwa meno, akaichovya katika wino kwa mdomo, akagonga muhuri kwa kichwa, kama kuku anayedonoa. Ulitoka mshazari, na pembeni yake pana alama ya jino. Mpaka leo watu wa Shengwe husema hapajatokea hati iliyotiwa muhuri kwa moyo wote kama ile.

Wakamvuta. Akafika juu upande wa mlimani, mweusi mdomo, kichwa wazi, miguu mitupu, akaketi ameegemea miguu ya Kibwana kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kitu imara kuliko vyote mahali pale. Akatetemeka, kisha kutetemeka kukageuka kicheko, akacheka hata machozi yakachora mistari katika wino. Akasema, "Bi Nakiete, niambie kweli. Huku watu wasema wewe ni mjinga?"

"Ndiyo, Maulana."

"Basi mimi wananiitaje?"

Nakiete akafikiri. "Wakuita Maulana. Ni watu wenye adabu."

Waziri akapaza sauti kutoka ng'ambo, akasema jua linapinda, Maulana arudi mjini. Sultani akageuza shingo, akazitazama zile hatua mia mbili. Akatikisa kichwa. Akasema kuwa hatavuka pale tena mpaka njia iishe, na aliyetaka Sultani mjini na alete nyundo.

Ikawa ajabu. Watu mia nne wa mlimani walio upande wa mjini wakarudi jumbani kwa Sultani, kwa kuwa nao hawakuwa na njia, na Sultani akakaa kijiji cha saba, katika kibanda cha Nakiete, akala makande asubuhi na makande jioni. Siku ya tatu Nakiete akamwambia kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akampa mtungi, kwani jembe hakuwa nalo. Basi Sultani wa Kihorombe akawa anateka maji chemchemini, akapanga foleni na wanawake, akajifunza kuwa ukungu wa mlimani ukija hauna mtu wa kuuzuia, wala hauchukizi sana ukiwa na moto. Usiku na mchana akawa anayasikia mambo ya watu: nani kikohozi hakijapona, nani mimba yake imegeuka. Mwanamke huyo mwenye mimba iliyogeuka alipozidiwa, mkunga alikuwa ng'ambo ya Ukope, na Sultani mwenyewe alisimama ukingoni akipokea maelekezo kwa sauti na kuyakimbiza mlangoni kwa mzazi, mara kumi na tisa, pekupeku. Mtoto akatoka mzima, na mama akapona. Sultani akakaa nyuma ya nyumba peke yake. Kesho yake aliagiza wavunja mawe waongezwe maradufu.

Upande wa pili nao hawakulala. Waziri hakulala kwa sababu ya majogoo, na kila usiku aliokosa usingizi aliugeuza kuwa mafundi kumi zaidi. Watu wa mlimani wakachonga jabali kutoka chini, na wazee na Sultani wakachonga kutoka juu. Kazi ambayo Waziri alikadiria miaka mitatu ikaisha kwa miezi minne. Kibwana wakamwekea kibao cha kukanyagia, kisha kingine, wakamtoa hatua kwa hatua mpaka penye majani, akalala usingizi siku mbili.

Siku ya kufungua njia, Sultani alishuka kwa miguu, amekonda, jua limemchoma, amevaa kaniki kama mchunga ng'ombe. Nakiete alikuwa nyuma yake na mzigo wa asali wa jirani. Kutoka chini nao walikuwa wakimpandisha Mbonea kwa machela. Mguu wake ulikuwa umeunga zamani, lakini miezi minne ya sahani za jumbani, kwanza gerezani na kisha barazani, ilikuwa imemfanya mtu asiyeweza kuupanda mlima. Walianza kumbeba wanne, wakawa sita, na sasa walikuwa wanane, nao walikuwa wakimlaani kwa heshima. Mbonea alikuwa juu kabisa, ameegemea mto, akiwasimulia habari za nyuki.

Wakakutana katikati ya Ukope. Zamani mmoja angelazimika kurudi nyuma kwa matako hatua mia. Wabebaji wakasimama kwa mazoea, Sultani naye akasimama, wakatazamana. Kisha Sultani akasogea kidogo kuelekea kwenye ukingo wa magogo, akauegemea kwa kiwiko, akawaachia upande wa ukuta. Machela ikapita na wabebaji wake wanane, na mbuzi watatu walioifuata wakapita, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akapita akisema, "Habari za asubuhi, Maulana," bila kutazama chini.

Sultani akamwuliza Nakiete ataka zawadi gani. Nakiete akaufikiria mzigo uliokuwa kichwani mwake, akasema, "Punda mmoja, Maulana. Sasa ana pa kupita." Akapewa wawili, na hekaya yangu imeshuka nao mpaka bondeni salama; mwenye kuisimulia tena na aibebe polepole, njia sasa ni pana.